Sifuri ya Siku za Matanga

Siku ile pale gisheni, kwenye dirisha la ofisi ya kodi, tulikuwa watano. Bwana Kashindi, mkaguzi wa kodi, alikuwa nyuma ya kioo chake. Papa Dunia, mlinzi, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Esther wa Nyamianda alikuwa amevaa kitenge cheusi, maana alikuwa amefiwa na dada yake mkubwa. Riziki, mdogo wangu wa mwisho, mwenye chumba cha kompyuta ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshika karatasi alizoitiwa. Wa tano ni mimi, Nabintu, mwandishi wa fomu kwenye baraza la ofisi hiyo tangu nikiwa msichana. Nawataja wote kwa sababu yaliyosemwa siku ile yalisemwa mbele yao, na yale ambayo hayakusemwa pia.

Ninyi mnaokaa barazani sasa mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nimeacha meza tangu mwanzo wa mvua hizi kwa sababu ya macho, kwa hiyo nina wakati. Sitawaambia nilikuwa napata kiasi gani. Mngecheka, halafu mngehuzunika.

Nilifika kwenye baraza lile nikiwa na miaka kumi na mitano. Sikuja kutafuta kazi, nilikuja kutafuta mtu wa kuniandikia. Mama alikuwa ametangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki wanne, na mimi ndiye mkubwa. Riziki alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba alikuwa na duka dogo la chumvi na sabuni, na ofisi ilitaka karatasi ya kuonyesha kwamba mwenye duka amekufa, la sivyo ingeendelea kumdai. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Sikuumaliza.

Mwandishi wa wakati huo aliitwa Papa Bisimwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi, karani wa zamani wa kiwanda kilichofungwa huko uwandani. Hakuwa mpole. Aliamini kwamba mteja anayelia huharibu karatasi, kwa hiyo aliisogeza fomu mbali kwanza, ndipo akauliza habari za marehemu.

"Baba yako alikufa siku gani?"

Nikamwambia.

"Na matanga mulimaliza siku gani?"

Nikamwambia hiyo nayo.

"Hapo katikati muliuza?"

"Papa, tulikuwa tunalia. Duka lilifungwa."

"Basi andika weye mwenyewe. Biki iko hapo. Mimi leo macho inaniuma."

Akatoa rula ya chuma, nyembamba, iliyopauka kwa kushikwa. Akanionyesha. Unapiga mstari chini ya siku ya kufa. Unapiga mwingine chini ya siku matanga yalipoisha. Mauzo ya juu ni ya marehemu, mauzo ya chini ni ya waliobaki, na katikati ya mistari miwili unaweka sifuri, kwa sababu hapa kwetu nyumba yenye msiba haifungui duka. Fomu yangu ya kwanza ya marehemu ilikuwa ya baba yangu mwenyewe. Niliandika sifuri ile polepole sana. Niliiona kama karatasi ya serikali imekubali kwamba siku zile hatukufanya kitu chochote ila kumlilia.

Papa Bisimwa akaitazama. "Muandiko huu ulifundishwa na nani?"

"Na baba."

"Kesho uje na kiti chako."

Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa.

Meza yetu ilikuwa ya mbao za makasha. Mawe manne kwenye pembe, kwa sababu baada ya saa sita upepo wa ziwa unapanda, na nimewahi kukimbilia fomu ya mjane mpaka kwenye mtaro. Biki ya bluu daima, maana fomu ya biki nyeusi watu wa gishe huidhania fotokopi. Karatasi za kaboni tulizikinga na jua. Wakati wa mvua nilikaa na karatasi chini ya nguo yangu, na nikienda nyumbani nilikuwa na kodi ya nusu ya mji wetu wa Uvira imechapwa tumboni kwa wino.

Kwa meza ile wadogo zangu walisoma. Wawili wa katikati walifika walipofika. Riziki alifika mwisho. Alipofaulu mtihani wa serikali nilimleta barazani ili Papa Bisimwa amwone, naye wakati huo alikuwa anajiandaa kuacha kazi. Akafungua droo, akatoa ile rula. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, mkono wangu umekwisha kufunguka nusu.

"Hii ni ya Riziki," akasema.

"Papa, na minye?"

"Weye mukono yako inanyooka bila rula. Huyu anaandika kama kuku iliyopita mu matope."

Wote walicheka, na Riziki mwenyewe akacheka. Mimi pia nilicheka. Nawaambia ninyi vijana, kicheko kile bado kipo, sijakimeza mpaka leo. Nilikuwa nimepiga mistari na rula ile zaidi ya miaka kumi na mitano. Nilijua kovu lake lilipo, karibu na alama ya ishirini, ambapo biki hukwama. Yeye aliitia ndani ya mkoba pamoja na chanuo.

Akaenda Bukavu kusoma mambo ya biashara. Aliporudi, baada ya kufanya kazi huku na huku, alikodi chumba ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na meza yangu. Kompyuta moja na mashine moja ya kuchapa. Ilikuwa ni wakati ule watu walipoanza kuuza kwa simu. Mtu anapiga picha ya kitenge, ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ya mchele wa Katogota, ya siagi ya Bijombo, anaitia kwenye simu, na mtu wa Bukavu au wa Bujumbura analipa bila kuonana naye. Kifurushi kinapanda basi. Kisha ofisi ikaleta fomu ya mauzo ya namna hiyo.

"Kodi ya picha," nikasema, nikidhani ni mzaha.

"Si picha, Yaya," Riziki akanijibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa Yaya. "Ni vitu vimeuzwa."

Alisema kwa heshima. Hilo ndilo liliniudhi. Kama angekuwa na kiburi ningepata pa kushikia.

Tukagawana bila kukaa chini kugawana. Wenye simu walienda kwake, wenye marehemu walibaki kwangu. Wateja wake walikuwa vijana waliotoka wakitabasamu. Wangu walitoka wakijifuta pua. Nilizoea kuhesabu viti mbele ya mlango wake kabla sijafungua mfuko wangu asubuhi. Watu wa ofisi walimwita Madame Riziki. Mimi nilikuwa Mama wa meza. Umeme ulipokatika nilifurahi, nasema kweli, na mteja wake mmoja alipovuka barabara kuja kwangu kwa sababu mashine imezimika, nilimkaribisha kwa sauti niliyokuwa naiweka kwa ajili ya wachungaji. Viatu vya Riziki vya kisigino nilivisikia kabla sijamwona. Nilikuwa nawaza: viatu vile ni kaboni yangu, ni mvua yangu, ni mwaka wangu wa tatu wa sekondari.

Mwaka wa kesi ya Esther, Riziki na mimi hatukuwa tumesalimiana tangu mvua ya kwanza. Sababu ilikuwa kibao. Alikuwa amebandika mlangoni pake kibao kinachosema anapokea fomu za aina zote. Za aina zote. Nikaacha kumjibu.

Esther alikuja kwenye meza yangu akiwa na bahasha na simu mbili. Dada yake, Sifa, alikuwa ameuza vitenge na ndagala kwa simu miaka kadhaa, jina lake na namba yake vikijulikana mpaka ng'ambo ya mpaka. Akaugua kidogo, akafa. Wazazi wao walikuwa wamekufa zamani, na Sifa ndiye aliyewalea Esther na wadogo wawili.

"Alisoma mpaka wapi?" nikauliza, ingawa hakuna mahali kwenye fomu panapouliza hivyo.

"Aliacha, Yaya. Juu ya kutulea sisi."

"Na weye?"

"Na minye sikuendelea sana. Nilikuwa namusaidia kufunga vifurushi. Tunaketi hivi, yeye na mukasi, minye na kamba."

Akaanza kulia, na mimi, mwanafunzi wa Papa Bisimwa, sikuisogeza fomu. Nilimtazama yule msichana na nikaona wivu ukinipanda juu ya mtu aliyekufa. Sifa aliacha shule kama mimi. Alilea kama mimi. Lakini mdogo wake alibaki karibu naye na kamba mkononi, na sasa anamlilia hivi mbele ya watu. Nikageuka nikatazama mlango wa ng'ambo. Riziki alikuwa anamwonyesha mteja kitu kwenye kioo cha kompyuta, wanacheka.

"Yaya, hii ya simu nivuke kwa Madame Riziki?" Esther akauliza. "Banasema anaijua."

"Riziki anajua simu. Hajui mambo ya marehemu. Kaa."

Akakaa. Nikauliza siku ya kufa. Nikauliza siku ya kumaliza matanga. Nilipofika katikati, akasema, "Yaya, lakini kuna watu walituma feza kwa simu siku zile za matanga."

"Watu husaidia wenye msiba. Msaada wa matanga haulipiwi kodi."

"Ndiyo, lakini kuna wengine..."

Sikumwacha amalize. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mahali pale, na mkono wangu uliyajua yale maneno tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nikapiga mistari miwili bila rula, imenyooka kabisa, na katikati nikaweka sifuri.

Wale wengine walikuwa wateja. Duka la mbao hufungwa na kila mtu akaona limefungwa. Jina la Sifa kwenye simu halikufungwa na mtu. Watu wa mbali hawakujua kwamba amekufa, wakaendelea kuagiza na kulipa, na Esther, akiogopa jina la dada yake liharibike, alikuwa anafunga vifurushi chumba cha nyuma huku waombolezaji wanaimba mbele, na kuvipeleka kwenye basi alfajiri. Kati ya mistari yangu miwili kulikuwa na mauzo mengi kuliko juu yake.

Ofisi ikaomba orodha ya malipo ya simu. Esther akaenda kuichapisha kwa Riziki, kwa kuwa ndiye mwenye mashine. Orodha ilipowekwa kando ya fomu yangu, wakaguzi walienda Nyamianda wakabandika karatasi yenye muhuri kwenye mlango wa depo, ghala la Sifa. Ndani mlikuwa na vitenge, ambavyo vinaweza kusubiri, na magunia ya ndagala, ambayo hayawezi. Ilikuwa mvua. Kila mtu wa pwani hii anajua ndagala zinavyokuwa zikifungiwa na unyevu. Esther na wadogo wawili hawakuwa na kitu kingine chochote.

Ndipo tukaitwa wote. Bwana Kashindi hakupaza sauti, yeye hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliweka karatasi mbili upande kwa upande.

"Hapa kuna sifuri," akasema. "Hapa kuna watu wamelipa kila siku. Kama ni familia iliyoficha, mlango unabaki umefungwa na adhabu inakuja juu yake. Kama ni kosa la mwandishi, mwandishi aseme. Tutasahihisha leo, na muhuri utatoka leo. Lakini mwandishi huyo ataacha kuleta fomu hapa."

Esther akanitazama. Alinitazama kama mtu anayengoja kushikwa mkono kuvuka maji.

Niliitazama sifuri yangu. Ilikuwa nzuri, duara kamili. Sikuwaza ndagala. Niliwaza meza. Niliwaza Riziki akitoka asubuhi mlangoni pake na kuona mahali pa meza ni patupu, na wateja wangu waliojifuta pua wakivuka barabara mmoja mmoja kwenda kwenye kibao cha fomu za aina zote. Nikabana mdomo.

"Mukono ni ya yaya," Riziki akasema. "Lakini sehemu ya simu ni kazi yangu, si yake. Minye ndiye nilimwambia aweke sifuri."

Bwana Kashindi akavua miwani. "Wewe, Madame?"

"Minye. Nilidhani zote ni msaada wa matanga."

Kashindi akanigeukia. "Mama, ni kweli?"

Nikatikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo, na ingeweza kuwa ni shingo tu inauma. Yeye aliandika kwamba ni ndiyo.

Muhuri ulitoka siku ile ile. Magunia mawili ya ndagala yalikwisha kuharibika, mengine yalipona. Kwa sababu Riziki hakuwa na kosa jingine, Bwana Kashindi alimpunguzia: kwa msimu mmoja asilete fomu kwa jina lake, kila fomu yake ipite kwa mwandishi mwingine. Tulipotoka, Esther alipita mbele ya Riziki akatema mate pembeni. "Uliandika kwamba dada yangu ni sifuri," akamwambia, na akaja akanishika mimi mkono; aliamini kwamba nilipomkatiza pale mezani nilikuwa nafuata maneno ya Riziki.

Papa Dunia alingoja mpaka wameondoka wote. Kigoda chake na meza yangu vilikuwa hatua tatu tu.

"Nyinyi wawili hamujasalimiana tangu mvua ya kwanza," akasema. "Alikwambia saa ngapi?"

"Chunga mlango wako, Papa."

"Ninauchunga. Ndiyo maana naona wanaoingia na wanaotoka." Hakuniambia tena. Lakini tangu siku ile aliniita Mama Ndiyo, na watu walidhani ni kwa sababu ya upole wangu.

Mwandishi aliyepatikana wa kupitishia fomu za Riziki alikuwa ni mimi. Viti vyote nilivyokuwa navihesabu kule vilihamia mbele ya meza yangu. Nilipata nilichokuwa nakiomba kila umeme ulipokatika. Riziki alikuja akakaa upande wangu, kwenye kigoda cha wateja, kompyuta magotini, visigino vyake vimezama kwenye mchanga. Yeye anasoma, mimi naandika. Ndipo akanifundisha, bila kunionyesha kwamba ananifundisha.

Kwa hiyo ninyi pia mchukue haya, ni yake. Mkiandika marehemu aliyeuza kwa simu, msiulize tu matanga yaliisha lini. Ulizeni simu ilibaki mkononi mwa nani. Ombeni vipande vya karatasi vya basi, kwa sababu basi halijui msiba. Someni ujumbe ulioambatana na kila malipo, mmoja mmoja, mkitenga msaada na mauzo. Hilo la mwisho alilisema siku moja huku anapuliza chai: "Yaya, mutu anayetuma pole hataji rangi ya kitenge." Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba namwonea wivu.

Siku hiyo nikapata ujasiri wa kuuliza. "Kwa nini ulisema vile kule gisheni?"

Alifunga kompyuta. "Meza hii ndiyo ilinilisha. Sikutaka niione imeanguka nikiwa nimesimama pale."

"Basi kesho nitaenda kumwambia Kashindi. Na Esther."

"Utaenda siku utakayoweza," akasema. "Minye sitakuuliza."

Na hajauliza. Hilo nalo nimemwonea wivu, kwamba anaweza kutouliza. Msimu ukaisha, akarudi kwenye chumba chake. Bwana Kashindi alihamishwa, lakini daftari lake lilibaki, na kila mwaka Riziki anapoomba ruhusa upya, karani mpya anasoma mstari ule na kumwuliza kuhusu fomu ya marehemu Sifa. Anajibu kwamba ni kosa lake la zamani. Papa Dunia amekufa. Mimi ndiye niliyejaza karatasi zake.

Siku nilipoacha meza Riziki alivuka barabara akiwa na kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Nilikijua kwa uzito kabla sijakifungua. Kovu bado lipo karibu na alama ya ishirini.

"Ilikuwa yako tangu mwanzo, Yaya," akasema. "Papa Bisimwa alitaka tu kunicheka."

Wateja walikuwepo, na ninyi mlikuwepo pia, mlipiga makofi. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema maneno yale machache ambayo sikuyasema gisheni. Nikasema aksanti.

Jana Esther alipita nyumbani. Biashara yake imesimama vizuri, wadogo wake wamekua, na kila mwaka siku zinapokaribia za kufa kwa Sifa huniletea kifurushi cha ndagala kilichofungwa kwa kamba, mafundo yake yale yale. Riziki alikuwa ameketi na mimi uani, ananichambulia mboga kwa sababu ya macho yangu. Esther akanisalimu mimi, akamruka yeye kama anavyomruka siku zote, akaweka kifurushi mapajani mwangu.

"Hii ni yako, Yaya Nabintu. Weye ndiye ulisimama na sisi."

Riziki hakuinua uso. Aliendelea kuchambua. Nilingoja sauti yangu itoke, na nadhani naye aliingoja, maana vidole vyake vilisimama kidogo juu ya majani.

Nikapokea. Esther akaaga akaenda. Kifurushi kiko juu ya meza jikoni, na kamba yake sijaifungua.